Harufu ya Ugoro

Mimi shule niliishia darasa la nne, lakini leo nna maduka matatu Mji Mkongwe, na hakuna hata moja la kurithi. Juu ya kila mlango nimeweka kibao cha Kizungu chenye neno Masai kwa herufi kubwa. Mtalii akilisoma tu, huingia mwenyewe akanunua shuka na shanga.

Asubuhi hii mlinzi wangu, Mmasai kweli, kafungua kikopo chake cha ugoro. Harufu ile ikanirudisha Jang'ombe, mtaa niliokulia.

Jirani yetu alikuwa na ghala, na mlinzi wake alikuwa Mmasai. Mikono yake ilinuka ugoro. Nilishinda naye kila siku, akinikatia ndara za tairi. Mama alimpelekea chai. "Masai, chai yako hii, na huyo mwanangu usimfunze kunusa uchafu wako." Naye hucheka.

Siku moja homa ikamwangusha, hata kusema hawezi. Mama na jirani wakampeleka hospitali, nami nikafuata.

"Jina la mgonjwa?" akauliza muuguzi.

"Masai," mama akajibu.

"Hilo kabila, Bi mkubwa. Mwenyewe anaitwa nani? Na kwao wapi, wapelekewe habari?"

Jirani akamtazama mama. Mama akanitazama mimi. Nikatazama ndara zangu.

Alikufa alfajiri, akazikwa bila ya mtu wa kwao.

"Masai," nikamwita mlinzi wangu.

"Naam, bosi."

Akasimama akingoja. Nilikuwa na neno la kumuuliza. Nikamwambia afute vumbi kwenye kibao.