Maji Yaliyofungwa kwa Jina la Athanasie

Athanasie alinyoosha mkono kumsalimu Gaudiose nje ya kanisa. Gaudiose aliutazama ule mkono, akamhamishia mtoto begani, akapita.

"Gaudiose! Nimekukosea nini?"

"Mama Mucyo, unanifungia maji nimetoka kujifungua, mshono haujapona, halafu leo unanipa mkono?"

Watu waligeuka. Athanasie alibaki amesimama, uso unawaka.

Vyumba vile vya kupangisha vya Kabeza alivijenga kwa mkopo wa benki, akaweka rehani nyumba anayolala mwenyewe. Kutwa yuko kwenye mgahawa wake mtaa wa Gisimenti akipika ili marejesho yasimshinde, kwa hiyo usimamizi wa vyumba alimwachia mdogo wake, Eustache. Gaudiose ndiye mpangaji aliyeanza naye. Aliingia hata rangi haijakauka. Eustache ndiye aliyeleta habari kwamba mama huyo amehamia kwa wazazi wake, na Athanasie alisikitika kuwa hakumuaga.

Hakwenda nyumbani kubadili nguo za misa. Alichukua pikipiki mpaka Kabeza, akamkuta Eustache uani, amejinyoosha kitini na fanta mkononi kama patroni, bosi mwenye nyumba. Chumbani mwa Gaudiose mwanamume asiyemjua alikuwa akipiga pasi shati.

"Ulimfanya nini Gaudiose?"

"Dada, hii ni biashara. Jean-Paul analipa zaidi. Yule nilimwambia ahame, akaanza mambo ya mtoto. Nikafunga maji kidogo tu, aelewe."

"Ukamwambia nani kasema?"

Eustache alitazama chini. "Wewe. Mimi asingenisikiliza."

Damu ilimchemka Athanasie. Akamwona akilini Gaudiose akiomba maji kwa majirani, kichanga mgongoni, na kwa kila ndoo akililaani jina la Athanasie, aliyekuwa Gisimenti akimenya ndizi bila habari.

"Lete funguo."

"Dada, mbele ya wapangaji?"

"Mbele yao ndipo ulipotumia jina langu. Lete!"

Eustache akazitupa chini, zikalia kwenye saruji. "Tutaona utakavyoweza peke yako. Benki haina huruma."

"Kwani wewe unayo?"

Jean-Paul alichungulia, shati mkononi. "Na mimi, mama?" Maneno ya kumfukuza yalishamfika Athanasie mdomoni. Akayameza kwa uchungu, maana lilikuwa jambo lile lile lililomfanya amjie juu nduguye. Akamwambia akae mwezi aliolipia, kisha watazungumza.

Jioni alimtafuta Gaudiose mpaka akampata juu kilimani, kwenye chumba kimoja kisicho na dirisha la maana. Gaudiose alimsikiliza akiwa mlangoni, hakumkaribisha ndani.

"Naamini hukujua," alisema mwishowe. "Lakini nyumba ni zako. Toka mimba yangu ionekane hadi nikajifungua, hukuja hata mara moja kututazama. Ungekuja, ungeona bomba limekauka."

"Rudi. Nitakupa chumba kingine."

"Sirudi."

Athanasie aliteremka kilima akiwa na hasira zaidi kuliko alivyopanda, na safari hii hasira haikuwa na Eustache wa kuibeba. Siku hizi mgahawa anaufunga mapema mara moja kwa juma, anakwenda Kabeza mwenyewe, anagonga mlango kwa mlango, anafungua bomba kwa mkono wake. Eustache akipiga simu, anaiacha iite. Na Gaudiose wanakutana kanisani. Mama yule bado hampi mkono.