Mmea wa Masjala

Mama Vyungu hukodisha mimea kwa ofisi zisizopata jua. Alianza na makopo matatu ya rangi na toroli la kuazima, na siri yake si kubwa: chumba chenye giza usikipelekee maua, kipelekee majani mapana ya kijani kilichokolea, na usimwagilie mpaka uchomeke kidole udongoni kitoke kikavu.

Siri hiyo haikuwahi kumwangusha, hadi alipopata ofisi ya mawakili, ghorofa ya chini kabisa ya jengo. Miezi miwili tu, mimea saba ya mapokezi na korido ikalegea, majani njano tupu. Wa nane, ule wa masjala, chumba kisicho na dirisha, ulinawiri kwa mwanga wa taa peke yake.

"Labda ni jicho," alisema mama wa chai.

"Jicho la nani?" Mama Vyungu akamjibu. "Huku chini hata jua halituoni."

Meneja hakuzunguka mbuyu. "Dada, wateja wanakuja na kesi zao, wanapokewa na maiti. Ijumaa naweka ya plastiki."

Mama Vyungu alijua ofisi hiyo ikimtoa, wateja wake wa ghorofa zote za juu watafuata. Akachomeka kidole: udongo chapachapa, na yeye alimwagilia siku tisa zilizopita. Akauliza nani anamwagilia. Mlinzi, si yeye. Dada wa mapokezi, si yeye. Mama wa chai, wala. Akabadilisha udongo, akasogeza vyungu, akalaumu kiyoyozi. Hola. Usiku wa Jumatano alikaribia kuamini lile jicho.

Alhamisi akaingia masjala. Karani, mzee wa miwani minene, alikuwa akifuta mmea kwa kitambaa, jani baada ya jani.

"Shikamoo, mzee. Huu unaumwagilia mara ngapi?"

"Marahaba." Mzee akamtazama kama mtu anayemtazama mgonjwa. "Plastiki unaimwagilia ya nini, mwanangu? Mimi nafuta vumbi tu."

Kumbe siku zote alizokuja na kopo lake kuumwagilia, mzee alikuwa ameenda kula.

Mama Vyungu akatoka, akasimama koridoni akijifanya anaongea na simu. Haikupita robo saa. Dada wa mapokezi akamimina chunguni maji yaliyobaki kwenye chupa yake. Wakili mmoja akapita na nusu glasi. Mama wa chai akaja na maji ya kusuuzia birika.

"Si ulisema humwagilii?"

"Simwagilii, nawaongezea kidogo tu. Naona humu nawahurumia peke yangu."

Akaenda moja kwa moja kwa meneja. "Kesho naleta mingine saba. Wewe watangazie ni ya plastiki, kazi ni kufuta vumbi tu. Ikifa, nakuletea ya plastiki kweli, bure."

"Niwadanganye wafanyakazi wangu?"

"Bosi, hii ni ofisi ya mawakili. Hukosi wa kukushauri."

Meneja akacheka bila kutaka, akakubali.

Mwezi wa tatu baada ya hapo, mama wa chai alimvuta pembeni, sauti chini. "Mama Vyungu, sijui macho yangu. Ile plastiki ya karibu na ngazi imetoa jani."

"Ndiyo ya siku hizi hiyo," alisema, akachomeka kidole udongoni. Kikatoka kikavu.