Upana wa Kitanda

Watu waliopita chini yetu walipenda kuutazama mlima wetu wa Mabatini. Walisema nyumba zimekaa juu ya mawe kama mbuzi. Wao hawakupanda huko na ndoo ya maji kichwani, ndiyo maana waliona pazuri.

Gari halikufika. Mgonjwa alishushwa kwa kitanda, na kitanda kilikuwa kimoja cha mlima mzima, cha mbao na kamba, kikikaa kwa balozi wa nyumba kumi, mjumbe wa chama mtaani kwetu. Filimbi ikipigwa, kila mwanamume aliyekuwa nyumbani alitoka kubeba, Msukuma, Mjita, Mkerewe, mwenye ugomvi na asiye na ugomvi. Kitanda hichohicho kilikuwa kipimo chetu. Mtu akitaka kujenga, balozi alikileta njiani na wabebaji wake. Wasipopita, msingi unasogezwa. Hatukuhitaji sheria nyingine.

Kisha ikaja miaka ya ruksa, kila mtu akiruhusiwa biashara yake. Kiwanda kilipunguza wafanyakazi, baba akiwemo, naye akajenga kiduka cha mbao na bati hatua chache chini ya nyumba yetu, pale njia inapokata kona kulizunguka jabali. Hakuwa peke yake. Huyu alitoa kibaraza, yule akaweka meza ya mitumba, mwingine banda la chapati. Balozi alipokuja na kitanda chake walimcheka. Vyama vingi vimeingia, mzee, ubalozi wako umebaki wa nani?

Mama alikuwa mjamzito, miaka mingi baada ya kunizaa mimi, na mimba ile ilimvimbisha miguu. Nesi alishamwonya asithubutu kuzalia nyumbani. Nilimwambia baba kwamba kitanda hakitapita kwenye kona. Nilisema asubuhi, nikasema jioni, mpaka sauti yangu mwenyewe ikanichosha.

"Kitainamishwa," alisema.

"Baba, anayeinamishwa ni maiti."

"Wewe binti, shule imekupa mdomo. Hili duka ndilo linakulisha."

Hapo aliniweza, kwa sababu lilikuwa linanilisha kweli. Nilikwenda kuchota maji huku nikilia kwa hasira.

Uchungu ulimshika mama mchana, jua kali. Filimbi ikapigwa na wanaume wakaja, hata wale ambao hawakuwa wakisalimiana na baba. Walimlaza, wakainua, wakafika kwenye kona, wakakwama. Mguu wa kitanda uligonga bati la duka. Wakarudi nyuma, wakajaribu kukilaza ubavu, mama akateleza wakamdaka. Kila mmoja alitoa amri na hakuna aliyesikiliza. Baba alikuwa anausukuma ukuta wake mwenyewe kwa bega, na ulikuwa imara, maana aliujenga vizuri. Nilitamani kumpiga.

"Nishusheni," mama alisema.

Akashuka. Akashika jabali, akapita kiubavu, tumbo likikwaruza mbao za duka. Upande wa pili alisimama, akameza uchungu mmoja uliokuja palepale, kitanda kitupu kikapitishwa kwa ubavu, kisha akalala tena. Baba hakumtazama hata kidogo.

Mtoto alizaliwa salama, wa kike. Siku ya kurudi mama alifika chini ya mlima, akaketi kwenye jiwe na mtoto wake. Baba akaja kumpokea.

"Sipandi," mama alisema.

"Watu wanatuangalia."

"Waangalie. Nitapanda kitanda kikipita."

Baba akageuka, akapanda peke yake. Majirani walituletea uji, tukanywa huku tukisikia nyundo juu ya bati. Jua lilipopungua mama alipanda.

Nusu ya duka ilihamia chumbani kwangu. Nililala na harufu ya mafuta ya taa na sikulalamika. Nilidhani yameisha.

Haikupita wiki, jirani wetu mmoja, aliyekuwa ameshika kitanda siku ile, akaja kuchimbia nguzo za banda palepale baba alipobomoa.

"Ndugu yangu," baba alimwambia, "si ulikuwepo?"

"Nilikuwepo. Lakini nafasi si umeiacha?"

Baba alirudi ndani, akaketi. Mama alimpakatisha baba mtoto, akajifunga kanga kiunoni, akatoka kuelekea kwenye zile nguzo.