Glavu ya Kushoto

Saa tisa na dakika kumi na saba alasiri, Jumapili ya pili ya Machi, mshereheshaji aliinua glavu moja ya ngumi mbele ya ukumbi wa kanisa letu, Scarborough, Kanada, akauliza nani anaanza na dola kumi. Dakika naijua kwa sababu mimi ndiye niliyeandika orodha ya vitu vya mnada, na nilitenga safu ya kuandika saa.

Mnada ulikuwa wa kununua hita mpya. Ile ya zamani ilitoa sauti nyingi na joto kidogo, na kwaya ilikuwa ikiimba na makoti. Vitu vilikuwa vya kawaida: keki nne, jogoo wa kugandishwa, vitenge, blenda isiyo na kifuniko. Glavu ilikuwa namba kumi na tisa. Ilitolewa na bibi mmoja Mkanada mweusi anayesali ibada ya asubuhi, ya Kiingereza. Ya kulia ilipotea zamani.

Nilipokuwa nikiiandikisha Alhamisi, niliona maneno ya wino ndani yake, pale inapofungwa kamba: "Nilishinda. Wameandika sare." Kwa miaka ishirini nimekuwa nikijisomea vitabu vya masumbwi maktaba, bila mwalimu, kwa hiyo sikuiweka tena karibu na blenda. Nilimpigia bibi simu.

Alinieleza kwamba babu yake alikuwa mhudumu wa mabehewa ya kulala ya treni, na siku za mapumziko alipigana ngumi. Mabingwa weupe walikataa kupanda ulingoni na mtu mweusi. Wachache waliokubali walijua kwamba wasipoangushwa chini kabisa, majaji hawataona haya kuwapa sare. Babu yake alimpiga mzungu raundi kumi, ikatangazwa sare, kisha akakatazwa kula katika hoteli ile ile pambano lilimofanyika. Alikula biskuti stesheni, akaandika yale maneno, akapanda treni kwenda kuwatandikia vitanda watu waliotoka kumtazama.

Bibi alikuwa anahamia nyumba ndogo. Alitaka glavu iende kwa mtu atakayeyasoma maneno. Nilimwahidi kwamba nitainunua mwenyewe.

Sikuiondoa kwenye orodha, maana mwandishi wa orodha kujiuzia kitu kabla ya mnada si uungwana. Niliweka dola mia mbili na hamsini kwenye bahasha.

Hapa lazima nieleze desturi yetu. Anayenunua kitu mnadani hukirudisha kiuzwe tena, kwa faida ya mfuko. Keki moja inaweza kununuliwa mara sita na jioni ikarudi kwa mama aliyeioka. Nilikuwa nimefuatilia minada mitatu na kuandika kwenye daftari kwamba vinavyorudishwa ni vyakula, vitambaa na vyombo. Vifaa vya michezo havikuwahi kurudishwa. Ni kweli havikuwahi. Havikuwahi kuuzwa pia, na hilo sikuliandika.

Mshindani wangu alikuwa mama anayesimamia jiko la kanisa, ambaye wote tunamwita mama mkubwa. Alisema sufuria la pilau limemuunguza mwaka mzima na glavu hiyo itamfaa kuliepulia. Mshereheshaji akamkumbusha kwamba ni ya mkono wa kushoto.

"Na mimi ni wa mashoto, baba. Endelea."

Nilimshinda kwa dola themanini na tano. Kabla sijasimama kuichukua, mshereheshaji alitangaza, "Mwalimu anarudisha!" Wananiita Mwalimu ingawa sijawahi kufundisha popote. Vigelegele vikapigwa. Niliinua kidole kupinga, naye akakihesabu kuwa dau la kwanza la mzunguko mpya.

Mara ya pili niliipata kwa mia na ishirini. Safari hii mchungaji mwenyewe alikuja kunishika mkono, na mtu aliyeshikwa mkono na mchungaji mbele ya watu mia na zaidi hawezi kudai glavu. Ikarudishwa. Kaka mmoja nyuma yangu aliuliza, "Mwalimu, kwani unajiandaa kupigana na nani?" Bahasha ilikuwa imebaki na dola arobaini na tano. Mama mkubwa akasema hamsini.

Niliomba kipaza sauti. Niliyasoma maneno ya wino, nikaeleza habari za treni, za majaji, za biskuti. Nilidhani wakishajua wataniachia. Yule kaka aliyenitania akasema mia. Mwingine mia na hamsini. Katika dakika nne ilifika mia tatu na themanini, kwa hotuba yangu mwenyewe.

Mama mkubwa alikuwa ameinamiana na wanawake wa jikoni, mikoba imefunguliwa mapajani.

"Mia nne na ishirini," alisema. Hakuna aliyeongeza.

Mshereheshaji, kwa mazoea, akaanza, "Mama mkubwa anarudi—"

"Sirudishi," alisema. "Huyu walishamnyang'anya mara moja."

Mshereheshaji alikaa chini. Mama mkubwa akanijia, akanitaka nimsomee maneno tena polepole kwa kuwa hakuwa na miwani, kisha akatoa maagizo. Glavu itakaa ukumbini karibu na mlango. Chini yake yataandikwa matokeo yaliyosahihishwa, kwa herufi kubwa: AMESHINDA. Bibi aletwe aone. Na mimi, kwa kuwa ndiye ninayejua mambo yake, nilete kisanduku cha kioo.

Nilikinunua Jumanne, nikakipakata kwenye basi dakika hamsini, abiria wakiniuliza samaki wako wapi. Jumapili iliyofuata bibi alisimama mbele yake, akasoma, akasema raundi ya saba pia ilikuwa ya babu yake na tungeweza kuiandika.

Kwa upande wangu, madau mawili na kisanduku cha dola thelathini na nane na nusu, kwa glavu ambayo si yangu: dola mia mbili arobaini na tatu na senti hamsini.