Mama Gundi na Kiboksi cha Kwenye Kona

Mtaa mzima unamwita shangazi yangu Mama Gundi, kwa kuwa kazi yake ni kupatanisha waliogombana. Gundi yenyewe, tusidanganyane, hushika mpaka wahusika wafike getini. Lakini wateja hawaishi, na tangu anunue kompyuta iliyokwisha tumika kwa watu, anapatanisha hata walio mbali, kwa video, pale sebuleni kati ya kabati la vyombo na meza ya pasi.

Kompyuta ile ina umbea. Kila mara kiboksi kinachomoza kwenye kona ya kioo kutangaza hali ya mtandao, tena kwa Kiswahili sanifu: "Umeunganishwa." Shangazi akianza kumtuliza mtu: "Muunganisho dhaifu." Siku moja mke na mume walikuwa wameanza kuchekeana, kikatoka: "Muunganisho umepotea." Mke akasema hata mashine imeliona hilo, akachukua mkoba wake.

Akaitwa shemeji yake Shangazi, tunayemwita Injinia kwa sababu aliwahi kufungua redio yetu. Kuifunga ndiko kulikomshinda. Akabofya hapa, akabofya pale, akanywa chai, akasema tatizo ni la kitaalamu mno, sisi hatutaelewa. Alipoondoka, kiboksi kilikuwa kimenenepa. Shangazi akapiga marufuku mtu mwingine kugusa chochote, akachukua plasta ya kidonda na kuibandika juu ya kona ile. Ugonjwa ukawa umepona.

Ndipo akaja fundi cherehani wa nyumba ya nyuma. Mumewe, dereva wa lori, aliondoka kwa hasira akaenda kufanya kazi mbali. Sasa mkataba umekwisha na bosi anataka jibu siku hiyohiyo: atie saini mwingine, au arudi kwao. Mume alisema hawezi kurudi kwa mtu asiyemtaka. Mke alisema hawezi kumbembeleza mtu aliyeondoka kwa miguu yake. Watu wazima, akili timamu.

Mume akatokea kwenye kioo, shati limepigwa pasi. Wakaulizana habari za mvua. Shangazi akaona mchana utaishia kwenye mawingu, akamwambia mume, "Baba, leo wewe sikiliza tu. Mdomo upumzike."

Akatii. Huyu mtu ambaye mkewe akisema neno yeye ana matatu, alitulia tuli, macho kayakaza, kichwa kakiinamisha kidogo, kama aliyeguswa mpaka kwenye mfupa. Shangazi akajipepea kwa fahari. Mke naye akalegea. Akasema hasira zilimwisha zamani, kilichobaki ni aibu ya kuwa wa kwanza kupiga simu. Akasema bado anakata kitambaa cha shati kwa vipimo vya mumewe, halafu analitafutia mteja wa mwili ule. Akafuta macho.

"Umenisikia?"

Mume hakupepesa hata ukope. Nyuma yake saa ya ukutani nayo ilikuwa haitembei. Nikabandua plasta. Kiboksi kilikuwa pale, kimetulia: "Muunganisho umepotea."

"Lakini alikuwa anasikiliza vizuri," Shangazi akasema.

Fundi akasimama. Akasema ana sketi ya mteja haijapindwa, na maneno kama yale hayamtoki mtu mara mbili. Alikuwa keshashika kitasa simu yake ilipolia. Ni mumewe. Alisema picha iliganda pale alipoambiwa apumzishe mdomo, na bosi amesimama mlangoni na kalamu. Sasa mkewe alikuwa anasemaje?

Fundi akamtazama Shangazi. Mama Gundi, mwenye neno kwa kila ndoa isiyokuwa yake, akawa anaangalia pasi.

"Nilikuwa nasema urudi," fundi akasema. "Mengine utayasikia ukifika, na ni marefu."

Mume akaanza kueleza kwamba yeye tangu mwanzo hakukusudia. Mkewe akamwambia afunge mizigo kwanza.