Ng'ombe wa Eunike na Ngozi ya Ndama

Miaka ile ya vita, mzee wa kanisa alipanda mlima hadi kwa Eunike kumwambia kwamba mumewe, Aminieli, amefia vitani huko Burma. Eunike akashukuru, akamkaribisha togwa, kisha akarudi kumkatia ng'ombe wake migomba. Wanawake wa jirani walikuja kulia. Yeye akawapikia.

Haukupita muda, ndama wake akaharisha, akafa. Nathanaeli, jirani, akautoa mzoga nje akauchune. Hapo ng'ombe akanyoosha shingo kuelekea mlangoni, akapanua mdomo, akaita. Mlio wake ulivuka korongo, nao haukukoma hata alipopewa majani. Maziwa akayabana. Eunike alikamua mpaka vidole vikauma, na watoto walikuwa wakingoja.

Magdalena, mama mkwe wake, akashauri wafanye kama wazee walivyofanya. Wakaijaza ngozi ya ndama nyasi kavu, wakaisimamisha mbele ya ng'ombe. Ng'ombe akainusa, akailamba. Akafumba mdomo, akaguna chini kwa chini, mguno ule wa kooni anaomtolea ndama aliye ubavuni mwake. Maziwa yakashuka.

Ikawa hivyo kila asubuhi na jioni. Siku moja Magdalena alisimama akitazama, machozi yakimtoka.

"Maskini, amedanganyika."

"Hajadanganyika, mama," Eunike akasema, akikama. "Ngozi nikiiondoa, ng'ombe haiiti. Ndama alipoondolewa, alimwita."

Magdalena akafuta machozi. Akamwuliza kama amekwisha kumlilia Aminieli, hata kidogo, hata akiwa peke yake shambani. Eunike akatikisa kichwa. Alijua anapaswa kusikia uchungu. Alijitafuta kifuani, akaukuta moyo kama mkono uliolaliwa usiku kucha: upo, lakini si wake.

"Sijui nimwitie upande gani," akasema.

Mama mkwe hakumlaumu. Akachukua kibuyu cha maziwa, akawapelekea watoto.

Masika yalipoanza, panya waliitoboa ngozi, nyasi zikamwagika. Eunike akaitupa bondeni. Jioni ile alikaa kukama bila kitu mbele ya ng'ombe, akijua huenda asipate hata tone. Ng'ombe akageuza kichwa, akamnusa begani, akaguna mguno ule ule wa kooni. Maziwa yalishuka, machache. Eunike akayakama yote, akaosha mikono, akaenda kuchochea moto.