Umri wa Bibi Mdogo na Umri wa Sudi

Harufu ya spiriti ya kinyozi hunirudisha Mji Mpya, Morogoro, hata nikiwa zahanati nasubiri kuchomwa sindano. Nikiinusa tu, nimo tena katika saluni ya Kaka Shomari, nina miaka kumi na miwili, na mashine ya kunyolea inanguruma upande wa pili wa pazia. Mbele palikuwa na kiti kimoja cha kuzunguka, kioo chenye ufa, na picha za mitindo ya nywele ambayo sikuwahi kusikia mteja akiiomba. Nyuma ya pazia kulikuwa na mkeka, televisheni ya kichogo na mashine ya gemu, na kila Kaka Shomari alipowasha mashine yake ya kunyolea, picha yetu ilijaa mistari tukapiga kelele kama tumeibiwa. Ilikuwa miezi ya kipupwe. Ukungu ulishuka kutoka Uluguru ukakaa juu ya mabati mpaka saa nne, na akina mama wa milimani walipita barabarani na matenga ya karoti na ndizi vichwani wakiitana kwa Kiluguru. Sisi hatukuwaona. Sisi tulikuwa vitani.

Jina la gemu lenyewe hatukulijua, maana diski ilikuja bila boksi, na juu yake mtu alikuwa ameandika kwa kalamu "VITA 2". Halikuwa gemu la mpira wala la kupigana ngumi. Lilikuwa hadithi ndefu ambamo unamchukua mtu, unamlea, unamtafutia ngao, unatembea naye kijiji hadi kijiji ukizungumza na kila unayemkuta, na maneno yao yote yanaandikwa chini ya kioo cha televisheni kwa Kiingereza. Hapo ndipo nilipopata nafasi yangu. Wavulana wote pale walikuwa na vidole vyepesi kwenye pedi, lakini Kiingereza kiliwapita kushoto. Mama yangu alikuwa mhudumu wa maktaba ya chuo, akiniletea vitabu vya watoto vilivyokwisha kuchakaa, na mimi nilikuwa nimevisoma vyote pamoja na kamusi. Basi nikawa mkalimani, msichana peke yangu kwenye mkeka ule, na nakiri kwamba kichwa kilinivimba. Mtu akishajua kwamba bila yeye hadithi haiendi, huanza kujiona yeye ndiye hadithi.

Aliyetugombanisha alikuwa askari mmoja wa kike katika gemu hilo, kimo cha mtoto wa darasa la nne, nywele nyeupe, tukamwita Bibi Mdogo. Katika kijiji cha kwanza alimwambia mlinzi wa lango kwamba ana miaka kumi na miwili. Katika ngome ya tatu akaeleza, machozi yakimtoka, jinsi alivyouona mji mkuu ukiungua. Na mzee mmoja muuza samaki alikwisha kutuambia kwamba mji huo uliungua miaka sitini iliyopita. Jamani! Tulibishana juu ya jambo hilo bombani tukisubiri ndoo zijae, tukabishana madrasa mpaka ustadhi akatutenganisha, tukabishana mstarini huku wimbo wa taifa unaimbwa. Mimi nilikuwa na daftari la kurasa themanini ambamo niliandika kila tukio la gemu na mwaka wake: nani alizaliwa lini, vita gani vilitangulia, nani alisema nini na wapi. Nilikuwa na kanuni moja tu niliyoiandika ndani ya jalada kwa wino mwekundu: mtu akisema mwenyewe, kasema. Kwa kanuni hiyo Bibi Mdogo aliuona mji ukiungua, kwa hiyo alikuwa bikizee, na kwa mlinzi wa lango alidanganya ili apite. Nusu ya mkeka ilikuwa nyuma yangu.

Nusu nyingine ilikuwa nyuma ya Sudi. Huyu alikuja kutoka Turiani mwaka uliotangulia, akaishi kwa mama yake mkubwa jirani na kwetu, akaingia darasa la saba katika shule yetu mimi nikiwa la sita. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na kamba ya Sudi ilikuwa urefu wake na sauti yake iliyokwisha kuvunjika. Watoto walimwita Baba Mkwe. Alilipunguza lile jina kwa hadithi moja tu, ya mwaka ambao mto ulifurika kijijini kwao ukalichukua daraja na nyumba zao. Alisimulia jinsi alivyombeba mdogo wake mgongoni, maji yakamfika kifuani, akashika mzizi wa mkuyu na kuvuka. Alikuwa anasimulia vizuri kiasi kwamba hata Kaka Shomari aliacha kichwa cha mteja nusu akaja kusimama paziani. Baada ya hadithi ile hakuna aliyemwita tena Baba Mkwe mbele yake. Kuhusu Bibi Mdogo, msimamo wake ulikuwa mfupi: "Yule ni mtoto. Kasimuliwa tu. Mtu anaweza kusimulia moto asiouona, na akalia kabisa."

Jumamosi moja mchana tulifika pale Bibi Mdogo anaposimulia tena kuungua kwa mji, safari hii akitaja hata rangi ya mapazia. Nikaruka. Nikamwambia Sudi mapazia hasimuliwi mtu. Akasema yanasimuliwa. Shabani, rafiki yetu aliyekuwa akichochea pande zote mbili, akacheka, nami nikaona kicheko kinaelekea kwa Sudi kama mshindi, na hapo ulimi ukanitoka. "Nani anasimulia asichokipitia? Wewe mwenyewe si ulivuka mto na mdogo wako mgongoni? Ulisimuliwa?" Akanyamaza. Kule kunyamaza ningekuona leo, ningekaa chini. Siku ile nilifungua daftari. Nilisema kwamba mto ule ulifurika mwaka ambao mimi nilikuwa chekechea, ninaujua kwa sababu baba yangu, dereva wa lori, alikwama Turiani siku nne na mama akapika huku analia. Sudi alisema mwenyewe kwamba wakati huo alikuwa darasa la nne. Nne ukiongeza miaka sita iliyopita tangu hapo ni kumi. Nikapaza sauti, jinsi nilivyofurahi: "Basi wewe leo ni mtu wa kidato cha tatu! Umerudia darasa, Sudi! Umepunguza umri kama Bibi Mdogo!"

Mkeka mzima uliangua kicheko. Halafu tukagundua kwamba mashine ya kunyolea imezimika muda mrefu. Pazia lilisogezwa, na aliyesimama pale, povu nusu ya kidevu na taulo shingoni, alikuwa mwalimu mkuu wa shule yetu. Tulimwamkia shikamoo kwa pamoja kama tuko darasani. Akaitikia marahaba, taratibu, akanyoosha mkono. "Wewe binti, hebu nipe hilo daftari." Nikampa. Alisoma akiwa amesimama, povu linakauka, na mimi nikiwa bado na tone la fahari ndani yangu kwamba mtu mzima anasoma hesabu zangu.

Msomaji asiyekulia nyakati zile aelewe. Kulikuwa na watoto waliofeli darasa la saba wakahamishwa wilaya, wakapewa jina jingine na miaka pungufu, wakafanya mtihani upya. Ilikatazwa, na walimu wakuu waliambiwa wazi kwamba atakayekutwa na mtoto wa namna hiyo atawajibika yeye. Jumatatu tuliitwa ofisini mimi, Shabani na Sudi. Mwalimu mkuu hakuwa mkatili. Alikuwa mtu mwenye hofu, na mtu mwenye hofu hana huruma ya kutosha watu wawili. Alimuuliza Sudi swali moja: "Ulisema kwamba wakati wa mafuriko ulikuwa darasa la nne, au hukusema?" Sudi aliniangalia mimi, akamwangalia Shabani aliyekuwa anajiuma mdomo asicheke, akatazama sakafu. "Nilisema, mwalimu." Mama yake mkubwa aliambiwa alete kadi ya kliniki. Kadi ilikwenda na nyumba, mtoni. Akaambiwa alete barua kutoka shule ya zamani. Akapanda gari akaenda, akakuta mwalimu aliyemwandikisha amehamishwa na aliyebaki hamjui mtoto. Muda ukapita, na jina la Sudi likaondolewa kwenye orodha ya mtihani.

Jioni moja mama huyo alikuja nyumbani kwetu. Nilijificha chumbani nikitegemea matusi, nikaitwa. Alikuwa ameketi kwenye kigoda, khanga begani, macho makavu. Aliniuliza swali ambalo mpaka leo sijapata pa kuliweka: "Mwanangu, kwani mlikuwa mnahesabu nini?" Nikamwambia gemu. Nikamweleza Bibi Mdogo, mji ulioungua, mzee muuza samaki, na kila nilivyoeleza ndivyo sauti ilivyozidi kunipotea. Yeye alitikisa kichwa pole pole kama mtu anayejaribu kwa dhati kuelewa. "Haya," akasema, akaaga. Wiki ile ile Sudi alirudishwa kwao, na wenzake walipofanya mtihani alikuwa kibaruani Dakawa anafukuza ndege kwenye mashamba ya mpunga. Sikurudi tena saluni. Daftari langu lilibaki kabatini kwa mwalimu mkuu, na sikulidai.

Nimekua na hatia hiyo, nikaizoea kama mtu anavyozoea jino bovu. Niliiweka hivi: rafiki yangu alikuwa na siri, ni kweli alirudia darasa, nami nikaitangaza kwa sababu ya ushindi wa kitoto. Mdomo uliponza kichwa, ila kichwa kilichoponzwa hakikuwa changu. Miaka ya karibuni nimegundua kwamba gemu lile lina wapenzi dunia nzima, watu wazima wenye ndevu na watoto wao, na bado wanabishana mtandaoni kuhusu umri wa yule askari mwenye nywele nyeupe. Wameandika majedwali marefu kuliko langu. Wanatukanana, wanafukuzana kwenye makundi. Nilisoma siku nzima nikitafuta kama kuna hata mmoja anayeuliza nini kitatokea baadaye kwa mtu anayehesabiwa. Hakuna, na kwa nini awepo? Wao wanabishana juu ya mtu wa kioo.

Mwaka jana nikitoka Dodoma nilishuka Dumila kununua nyanya. Nilikuwa nainamia tenga, nikasikia jina langu. "Zaina? Zaina wa daftari?" Alikuwa yeye, mnene kidogo, kofia ya kitambaa kichwani, mwenye banda na vijana wawili wanaompakilia mizigo. Alicheka kwa furaha ya kweli, akanifutia benchi, akaagiza soda. Mimi sikuweza kuinywa. Nilikuwa nimeyabeba maneno yangu miaka mingi, nikayatoa yote palepale kabla mapovu hayajatulia: anisamehe, hata kama alirudia darasa halikuwa jambo langu, ningefunga mdomo angefanya mtihani wake kama wengine.

Sudi alinitazama kama nimesema kwa lugha ngeni. "Kurudia darasa nani?"

"Wewe."

"Mimi sijawahi kurudia darasa, Zaina."

Nilisikia malori yakipita na sikuyaona. Akanieleza bila haraka, huku akichambua nyanya mbovu kwa mkono mmoja. Wakati wa mafuriko alikuwa darasa la kwanza. Wa darasa la nne alikuwa kaka yake, Hassani, ambaye alifariki kwa homa mwaka uliofuata. Aliyevuka na mtoto mgongoni ni Hassani. "Yule mtoto ni mimi," akasema. "Nilikuwa nimefumba macho muda wote. Ule mzizi wa mkuyu alinisimulia yeye." Nikamuuliza kwa nini basi hakusema ofisini. Neno moja lingetosha. Angebaki kwenye mtihani, na tena angeishinda hoja yangu mbele ya wote. Akatupa nyanya mbovu kando. "Ningesema nini, na Shabani yuko pale anataka kucheka? Kwamba mimi ndiye niliyebebwa? Nilidhani ni fimbo tu. Nilidhani nitachapwa tu, yaishe."

Nililia pale sokoni, mtu mzima, watu wanapita. Hesabu yangu haikuwa na kosa hata moja, na yote ilikuwa uongo, na hakukuwa na siri yoyote ya kufichua. Miaka yote nilijiona mtu aliyesema ukweli mahali pabaya. Hata huo ukweli sikuwa nao.

Akaniachia nimalize. Kisha binti yake akatokea na sare za shule, vumbi mpaka magotini, akaniamkia, nikaitikia. Siku hizi mtoto akizaliwa huandikwa, na cheti ni jambo la kawaida. Watoto wangu wanavyo, na sijui hata nimeviweka droo gani. Sudi aliingia bandani akatoka na bahasha ya plastiki. Ndani mlikuwa na cheti cha kuzaliwa cha yule binti, kimepigwa lamineti, pamoja na nakala nyingi, sikuzihesabu. "Huyu ana miaka kumi na mmoja," akaniambia, akanikabidhi. "Soma."

Nikasoma jina, tarehe, kijiji, jina la baba, jina la mama, mpaka chini kwenye muhuri, kwa sababu alikuwa amesimama mbele yangu anangoja nimalize.

"Ndiyo," nikasema. "Kumi na mmoja."